Matumba ya Kwenye Ncha

Mume wangu alinifundisha, kwa hiyo sina pa kujitetea. Alikuwa mtunza bustani mpaka kansa ilipomtoa kazini, na kichaka kile cha beri alikipanda mwenyewe chini ya dirisha letu hapa ugenini Norsborg. Wageni walioingia wakisema ni blåbär, zile beri ndogo za msituni, aliwasahihisha kabla hawajavua viatu. Vichaka vya blåbär za msituni havifiki hata magotini, na tunda lake ni jeusi mpaka ndani, linachafua ulimi. Hiki kilinifika kifuani. Maua yake yalikuwa meupe, yananing'inia kama vikengele, na tunda ukilipasua, ndani ni jeupe lenye ukijani. Majani yakishapukutika, aliniambia, tazama vijiti vyekundu: tumba nene la kwenye ncha ni maua ya mwakani, lile jembamba la chini ni majani tu.

Nilimsikia. Lakini mimi na kichwa changu kigumu!

Oktoba, nikidhani amelala, nilitoka nje nikakiona kimetawanyika ovyo, nikaona haya. Kwetu Kigoma ua wa michongoma usipopunguzwa, watu husema nyumba ile haina mama. Nikachukua mkasi mkubwa, nikakinyoa juu na pembeni kikawa sawa kama meza. Hata nikajisifu.

Mei hakikutoa ua hata moja. Daktari alikuwa ameshatuambia kwamba mume wangu hatafika majira ya baridi, naye alikuwa na ombi moja tu: ale matunda ya kichaka chake. Kitandani hakuweza tena kuinuka. Kila asubuhi aliniuliza, na kila asubuhi nilimdanganya: yamechanua, yamefunga, yanaiva. Nilijichukia kwelikweli.

Julai alikataa chakula. Nikanunua blåbär kwa mama mmoja anayeziuza kituoni, nikamletea kwenye kibakuli. Alikula moja moja, akazimaliza zote, kisha akanionyesha vidole vyake. Vilikuwa vya zambarau.

"Hizi ni za msituni, mama watoto."

Nikapiga magoti, nikaungama yote, mkasi na uongo. Nilitaka anitukane.

"Siku ile ya mkasi nilikuona kupitia dirishani," akasema. "Nilikuuliza kila asubuhi nikitumaini mkasi uliruka tumba hata moja. Lakini siku ile ulikuwa unaimba. Tangu niugue sikuwa nimekusikia ukiimba. Ningekuzuiaje?"

Akaomba maji. Alifariki Jumanne, wiki mbili kabla ya vichaka vya majirani kuiva.