Mawese Kwapani Mbele ya Inspekta

Heri niwaambie mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: yule mwalimu wa biolojia wa Murara aliyevuja darasani ni mimi. Inspekta wa shule alikuwa anakuja kuangalia somo langu, akiridhika ningepewa darasa la mwaka wa mwisho nililolitamani miaka yote, nikajiambia, badala ya kuchora ubaoni kama kawaida, kwa nini nisilete chupa ya mawese ya jikoni kwangu, wanafunzi waone kwamba utando wa seli, ile ngozi nyembamba inayoizunguka, ni mafuta yanayotembea? (Mimi na kujionyesha hatuachani.)

Chupa niliiacha darasani tangu jana yake, karibu na dirisha lisilo na kioo, na baridi ya asubuhi za Goma mnaijua. Nikasema, "Angalieni yanavyotiririka," nikafungua kifuniko, nikainamisha, nikatikisa, nikapiga kitako, wapi! Yameganda kama sabuni. Inspekta akaandika kitu. Basi nikaibana chupa kwapani ipate joto, nikaendelea kufundisha kama mtu anayepimwa homa.

Kavira, msichana wa mbele, akainua mkono. "Madamu, samaki ya sambaza iko mu maji ya baridi, juu ya nini mafuta ya mu mwili yake haigandake vile?"

Jamani, swali hilo! Nikasahau chupa, nikasahau hata inspekta. Nikaeleza kwamba kila chembe ya mafuta ina mikia; mchikichi, unaotupa mawese, ni mti wa nchi za joto, mikia mingi ya mafuta yake imenyooka, inalaliana na kuganda upesi, lakini kwa viumbe wa baridi, kizazi baada ya kizazi, walidumu wale wenye mikia iliyopinda, isiyobanana, na hata samaki mmoja, maji yakipoa, seli zake huongeza mikia hiyo ili utando ubaki laini. Nikajiona profesa.

"Madamu," Kavira akasema polepole, "uko unavuja."

Kumbe kifuniko sikukirudisha, na joto la kwapa limeyayeyusha! Blauzi yangu nyeupe ilikuwa nyekundu hadi kiunoni. Nikashtuka, nikainua mkono, chupa ikaanguka, na bonge lililobaki likatua juu ya kiatu cha inspekta. Darasa likavunjika kwa kicheko. Nilitamani ardhi inimeze (ardhi yetu nayo ni mawe matupu ya volkano, haimezi mtu).

Inspekta akakitazama kiatu, akageukia darasa. "Banafunzi, baridi ikikuya, seli inafanya nini juu isigande?"

"Inaongeza mikia ya kupinda!" wakajibu wote, machozi ya kicheko yakiwatoka.

"Mama, darasa ni yako," akaniambia. "Lakini kwenda ubadilishe blauzi kwanza."

Nikalia pale pale, kwa aibu na kwa furaha. Naapa, tangu siku ile nafundisha kwa chaki tu, na bado nikiinua mkono kuandika ubaoni, mstari wa mbele wote unarudi nyuma.