Sentineli wa Golf anapanaka mapoint

Juzi nilipeleka mboga ku nyumba moja ya mutaa wa Golf. Pale ku portai, mulango ya inje, kila mugeni anaandikaka jina yake mu kaye ya sentineli mwenye kulinda. Mbele yangu papa moja wa kositime na kravate akafungua kaye, akakuta jina yake ya juma iliyopita. Pembeni, na biki nyekundu: 4 juu ya 10, mwandiko mubaya.

Akaita mama mwenye nyumba. "Mama, sentineli wenu ananipa ine? Miye muntu muzima?"

Mama akaangalia kaye, akaangalia sentineli. "Ulikuwa mwalimu?"

"Miaka kumi na moja, mama. Mukono ilizoea. Munisamehe."

"Na ulinificha juu ya nini? Bantu ba diplome banakimbiaka hii kazi, bananiachia portai peke yake."

Sentineli akatosha kofia ku kichwa, akasimama wima. "Mama, kila asubui niko najifunza kusude, kuunganisha vyuma na moto. Inabakia miezi tatu. Hii miezi tatu portai yenu haitabakia peke yake hata siku moja. Kisha nitaenda. Siwezi kubadanganya."

Mama akanyoosha mukono. "Bakia. Lakini ile biki nyekundu, leta."

Papa wa kositime naye, bila muntu kumuomba, akaandika jina yake tena, polepole, herufi moja moja.

Zamu yangu ikafika. Miye masomo niliachaka katikati, lakini nilijikaza, nikaandika muzuri. Sentineli akainama, biki haiko tena, akaninongonea mu sikio: "Saba."

Tangu masomo ya primeri sijapataka saba.