Visogo Kumi na Kimoja

Pao-chu alimjua mtu kwa kisogo. Miaka arobaini na tatu ya kukata nywele katika saluni yake ya Sanchong ilimfundisha kwamba sura hupakwa poda ikadanganya, ila kisogo hakina hila.

Ndiyo maana kikundi cha vijana wa Taipei wanaokusanya kumbukumbu, kilipokwama na picha ya mwaka 1996 isiyo na majina, kilimwendea yeye. Ni wanawake kumi na mmoja wanaopenda wanawake, wameketi kando ya mto, wote wamempa mpiga picha mgongo. Enzi hizo sura yako ikitokea gazetini, kazi huna na kwenu hurudi. Sasa kikundi kilitaka kuwaenzi kwa karamu, picha itundikwe na majina chini yake. Lakini wenyewe walikula kiapo siku ile ile mtoni: ama wajulikane wote, ama asijulikane mtu.

"Sikio hili lililochanua ni la Yu-chin, dereva wa teksi," Pao-chu alisema huku akicheka. "Na huyu alijikata mwenyewe, mkaidi mkubwa! Nilishinda siku nzima nikimtengeneza."

Kwa miezi miwili aligonga milango kuomba idhini. Mmoja alikuwa amefariki, na mjane wake, aliyemuoa mara tu sheria iliporuhusu, alikubali huku analia. Ikawa kumi. Akabaki A-Lien, muuza keki za magimbi katika soko la Keelung.

"Umezeeka, kinyozi," A-Lien alimlaki, mikono imejaa unga.

"Na wewe umenenepa. Nipe keki, halafu nipe jina lako."

Akamweleza. A-Lien akasikiliza hadi mwisho, akamfungia mteja keki zake, ndipo akauliza, "Picha alipiga nani?"

"Si unajua? Mimi."

"Jina lako litakuwepo?"

Pao-chu akatafuna kwa bidii. "Mimi simo kwenye picha."

"Ehee! Sisi utuvue nguo, wewe ukae nyuma ya pazia? Kwa vile dada yako hajui?"

"Ana miaka themanini na mbili, A-Lien. Sina mtu mwingine."

"Nami nina wajukuu watano, na mmoja ana mdomo kama redio. Jina lako likiandikwa, la kwangu liandike. La sivyo, nunua keki uende."

Mkuki kwa nguruwe! Njia nzima kwenye basi Pao-chu alimkasirikia A-Lien, na alichokasirikia hasa ni kwamba mwenzake alisema kweli. Kuei-hua, dada yake, ndiye aliyemlea. Kila siku alikuja saluni kufagia nywele, kisha kuwasema wateja akiwa kwenye kiti chake cha mlangoni. Pao-chu aliogopa kiti kile kubaki kitupu. Hata hivyo alikipigia kikundi simu wayaandike majina yote kumi na mawili.

Kumwambia dada hakuweza. Alijaribu mara tatu, mara tatu akaishia kuuliza kama supu ina chumvi. Mwishowe akamchukua tu kwenye karamu, akamsimamisha mbele ya picha.

Kuei-hua alivaa miwani. Alisoma kwa sauti, jina moja moja, na visogo vyenyewe, sasa vyenye mvi, vikageuka kutoka mezani kumtazama. A-Lien aliacha kula.

"Wanawake waliopendana na kusimama pamoja," Kuei-hua alimalizia. "Na mwenzao aliyewapiga picha..." Akasogeza uso karibu na karatasi.

"Pao-chu."

"Naam, dada."

"Siku ile uliniambia umekwenda kununua mkasi."

"Nilidanganya, dada."

Kuei-hua akavua miwani, akawageukia wale vijana wa kikundi. "Nani kaandika hii? Mbona mdogo wangu mmemwandika kwa herufi ndogo hivi, kama tangazo la kodi ya chumba? Leteni kalamu!"