Bawa la Bibi

Majivu yaliyokamuliwa limau yana harufu ambayo hadi leo hunirudisha uani kwetu, katika nyumba ya vyumba sita iliyokuwa mpakani mwa Kariakoo na Mchafukoge. Ni harufu kali kidogo, ya moto uliozimika na tunda lililopasuliwa. Ikianza kusikika asubuhi, wapangaji wote walijua kwamba Bibi, mama yake baba, amekaa kwenye kigoda chake cha kusugulia sufuria. Alichovya kumbi la nazi majivuni, akalikamulia limau, kisha akazungusha, akazungusha, mpaka bati likatoa mwanga wa kuumiza macho. Sufuria zake alizipanga ukutani vifudifudi, na mwanamke aliyepita uani hakukosa kuzitupia jicho. Bibi alijifanya hamwoni. "Zungusha, mke mwenzangu," aliniambia kwa utani wake wa kila siku, maana kwa hesabu yake mimi na yeye tulichangia mume mmoja, marehemu babu. "Ukisugua kwa kwenda na kurudi unaikwaruza."

Baba naye alikuwa mtu wa kung'arisha, ila vyake vilikuwa vikubwa. Alifanya kazi ya kufuta ndege uwanjani. Ndege nyingi za miaka ile hazikupakwa rangi mwilini. Zilibaki na bati lao wazi, na bati hilo lilihitaji dawa, vitambaa na mikono yenye subira. Alirudi jioni ncha za vidole zikiwa nyeusi, kwa sababu bati jeupe likifutwa hutoa weusi, jambo ambalo nilikuwa nikiwaelezea watoto wenzangu na hawakuniamini. Kisha siku moja ngazi iliteleza, baba akaanguka, akavunjika paja. Alipotolewa plasta daktari alisema mfupa umeunga, kilichobaki ni kutembea tu. Baba hakutembea. Alilala kwenye kitanda cha kamba chini ya kivuli cha upenu, uso ukutani, na gongo jipya la kutembelea likasimama kando yake wiki baada ya wiki kama mgeni asiyekaribishwa kukaa. Maneno pia yalimwisha. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," naye akauitikia ukuta, "Marahaba." Bibi alimpelekea uji, akaurudisha umeganda. Nilikuwa na miaka tisa, na niliogopa kwamba huyo ndiye baba tutakayeishi naye siku zote.

Chini ya kitanda hicho kulikuwa na sanduku lake, na ndani ya sanduku kulikuwa na ndege ya mti wa msufi, ndefu kama mkono wangu, aliyokuwa akinichongea kabla ya kuanguka. Ilikuwa na mabawa, mkia na injini mbili, yote yamelainishwa kwa msasa. Aliniahidi kwamba ataivisha bati. Niliona nikiimaliza mwenyewe huenda akageuka kuitazama. Nikaenda dukani kwa Bwana Temu, mtu wa Kilimanjaro aliyeuza chai kwa rejareja, nikamwomba ile karatasi ya kung'aa inayofunika ndani ya masanduku ya chai.

"Unataka kufunga nini?" aliuliza.

"Ndege."

"Kuku au njiwa?"

"Ndege ya baba."

Aliacha utani. Alibandua karatasi nzima taratibu, akaikunja, akanipa pamoja na salamu za mgonjwa.

Nilipika gundi ya unga wa muhogo, nikaipaka ndege yote, nikaiviringishia ile karatasi na kuibana kila upande. Ilimeremeta. Nikaiweka kitandani, mbele ya uso wa baba, nikangoja. Alifumbua jicho moja. Akaitazama kwa muda mrefu.

"Hii si ndege," akasema. "Hii ni peremende."

Ilikuwa sentensi yake ndefu ya kwanza tangu atoke hospitali. Bibi aliusahau mwiko ndani ya chungu.

Basi tukaanza upya, yeye akiwa amelala na mimi nikiwa nimepiga magoti. Alinifundisha kwamba ndege haivishwi nguo moja. Imeungwa kwa mabamba mengi, na kila bamba lina sura yake: hili limefifia kama maji ya mchele, lile linang'aa kama kioo. Nilikata vipande vidogo kwa wembe, nikabandika kimoja kimoja, nikakilaza kwa pamba kuanzia katikati ili hewa itoke pembeni. Vipande vya nyuma ya injini nilivififisha kwa majivu makavu kidogo, vya pua nikavifuta kwa kanga iliyochakaa. Lakini sheria moja aliirudia mpaka nikaiota: futa kutoka puani kwenda mkiani, usizungushe kamwe. Upepo hupita upande mmoja, alisema, na kitambaa kipite hukohuko. Alisema mengi siku zile. Hata hivyo, Bibi alipogusia gongo, alirudisha uso ukutani.

Ndege ilikamilika siku mbili kabla ya Idi. Kesho yake asubuhi niliporudi na maji kutoka bombani, niliisikia ile harufu. Bibi alikuwa kwenye kigoda chake, sufuria zote zimekwisha, na magotini pake ilikuwepo ndege yetu. Bawa la kushoto tayari alikuwa amelimaliza. Nilipiga ukelele, naye akanitazama kwa mshangao, kumbi la nazi mkononi.

"Ilikuwa na mabaka," alisema. "Hapa inang'aa, hapa imefifia. Kesho wageni wanakuja, waseme nyumba hii hakuna mwanamke?"

Baba alinyoosha mkono. Nikampelekea. Alilipapasa lile bawa kwa kidole gumba, nami nikaogopa atageukia ukuta tena.

"Mama, umezungusha."

"Nimezungusha, ndiyo. Bati husuguliwaje?"

"Hii si sufuria, mama."

Bibi aliweka kumbi chini. Alijifuta mikono kwenye kanga mara mbili, ingawa mara ya kwanza ilikuwa imetosha. "Nilitaka uwe na kitu cha kukufurahisha sikukuu," alisema polepole. "Sufuria ndizo ninazozijua."

Baba aligeuza ndege huku na huku. Palikuwa na kivuli, hakuweza kuona mikwaruzo imeingia kiasi gani. Jua lilikuwa upande wa pili wa ua, hatua kumi hivi. Nilisema nitaipeleka mimi nimwambie.

"Utaniambia nini wewe?" alisema. "Nipe hilo gongo."

Bibi hakusogea. Naona aliogopa kwamba akisogea, baba atakumbuka na kulala tena. Baba alisimama, akaliegemea gongo, akavuka ua wetu ndege ikiwa kwapani, akiilaani kamba ya kuanikia nguo iliyomzuia njiani. Alipofika juani aliinua ndege usawa wa macho na kusimama hapo kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilimfuata, nikamwambia tulibandue lile bawa, karatasi ya Bwana Temu ilikuwa bado ipo.

"Liache," alisema. "Hilo ni bawa la mama."

Wote wawili sasa wamezikwa. Nyumba yetu imevunjwa, na mahali pa ua pamejengwa ghorofa. Ndege za siku hizi zimepakwa rangi, na zile za watoto madukani kule Posta ni za plastiki, za rangi moja ya fedha kuanzia pua hadi mkia, peremende tupu. Ndege yetu iko juu ya meza ninayoandikia. Jioni jua likiingia dirishani, bawa la kulia, lile la baba, huwaka ukisimama mahali pamoja tu, ukipiga hatua linazimika. La kushoto lina viduara vyake vidogo, kimoja juu ya kingine. Hilo ukisimama mlangoni linawaka, ukisimama dirishani linawaka, hata ukikaa sakafuni.