Sampo Lililojaa Mafuta ya Kukaangia

Gari lilifika gereji likivutwa kwa kamba, na nyuma yake barabara nzima ilikuwa na mstari mweusi, kama konokono mkubwa kapita akiwa anaumwa tumbo.

Shangazi alikuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, anasugua plagi. Mtaa mzima wa magereji ulimwita Shangazi, wakubwa kwa wadogo, hata fundi rangi wa banda la pili aliyemzidi miaka kumi. Alikuwa na miaka arobaini na minane, mwembamba, mwenye sauti ya chini, na injini alianza kuzifungua wengi wao wakiwa bado wanajifunza kufunga vifungo vya shati. Aliinua macho, akaliona lile gari la rangi ya maziwa, akajikuta keshasimama.

Lilikuwa gari la marehemu baba yake. Mzee alikuwa karani wa posta, mtu wa kalamu mbili mfukoni, na gari lile la kizamani ndilo lililokuwa starehe yake pekee. Kila Jumamosi alilala chini yake, na binti yake akalala pembeni akimpa spana moja baada ya nyingine. Kaka mtu alikuwa akiitwa ashike tochi. Aliishika kwa vidole viwili, akalalamika mbu, akaondoka. Lakini Mzee alipofariki, wakubwa wa ukoo walikaa wakaamua gari ni la mtoto wa kiume. Binti akapewa sanduku la spana. Hakununa. Sanduku lile lilimsomeshea watoto wawili.

Sasa kaka alishuka, suruali imenyooka, viatu vinang'aa, akikwepa madimbwi ya oili kama paka.

"Mdogo wangu, niokoe," alisema. "Linavuja kidogo. Kesho asubuhi mnunuzi anakuja kuliona hapahapa."

"Kidogo?" Shangazi aliutazama ule mstari barabarani. Alilala kwenye kipande cha boksi, akajisukuma chini ya gari, na kabla hajawasha tochi harufu ilimpiga usoni. Haikuwa harufu ya oili. Oili aliizoea, hata iliyoungua. Hii ilikuwa harufu ya jiko lisilooshwa, ya karai lililokaangiwa mwezi mzima bila kubadilishwa mafuta. Alitoka upesi akatema mate kando.

"Kaka, umeweka nini humu ndani?"

Kaka alikuna shingo. "Oili ilikuwa inapungua kila siku, nikachoka kununua. Mgahawa pale jirani wanamwaga madumu na madumu ya mafuta yaliyokwisha kukaangia. Nikaona mafuta si mafuta?"

Fundi rangi, aliyekuwa amesogea kusikiliza, alicheka mpaka akashika ukuta. Shangazi hakucheka. Alirudi chini ya gari, akamulika tochi, akatoka tena.

"Sampo limekwisha," alisema. Sampo ni lile bakuli la chuma chini ya injini, linalobeba oili yote. "Limeoza. Linatakiwa jingine."

"Usinishushie injini! Utakaa nayo wiki. Paka sabuni, weka gundi, lishike siku mbili tatu. Akishaliondoa hapa, ni lake na Mungu wake."

"Injini haishuki. Naweza kulitoa sampo ikiwa palepale. Ila sabuni sipaki."

"Haya, haya. Mradi liwe tayari kesho."

Aliondoka kwa teksi. Shangazi alikwenda kwa wauza vyuma chakavu, akachambua mpaka akapata sampo la gari la aina ileile, zima, lenye kutu ya juujuu tu. Aliporudi alivaa bwelasuti yake ya zamani kuliko zote. Alijua hataivaa tena.

Kwanza alimwaga kilichokuwemo. Kilitoka kizito, chenye mabonge, kikashuka ndani ya beseni kwa kugugumia. Juu yake kulikuwa na utando wa rangi ya usaha. Nzi walifika dakika ileile, utadhani wamepigiwa simu. Shangazi alijifunga kitambaa puani akakipulizia petroli kidogo, maana petroli ilikuwa afadhali.

Halafu akaanza kazi yenyewe. Alitoa waya wa betri, akafungua mipira ya redieta isije ikachanika, akalegeza nati mbili zinazoishika injini kwenye fremu. Tatizo la magari yale ni boriti ya chuma inayopita chini kabisa ya injini. Sampo limeikalia, halina pa kushukia. Dawa yake ni kuinyanyua injini kidogo, mahali palepale ilipo. Alimwita fundi rangi.

"Njoo usukume jeki. Polepole, na nikisema simama, simama."

"Shangazi, leo unanuka kama mama lishe."

"Sukuma jeki, mzee."

Waliweka gogo la mbao juu ya jeki, jeki chini ya shingo ya giaboksi, na injini ikapanda inchi moja, mbili, karibu tatu, ikilia kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Shangazi akachomeka vipande vya mbao pande zote mbili ili isirudi. Ndipo akafungua bolti za sampo, ishirini kasoro moja. Ya ishirini haikuwepo, na kwenye tundu lake mtu alikuwa amesokota kijiti.

Sampo likashuka kiasi cha upana wa kiganja, likakwama. Chujio la pampu ya oili lilikuwa limening'inia ndani yake, likilizuia. Hapo hakuna spana ndefu wala ujanja: lazima uingize mkono kwenye ule mwanya, upapase, ufungue bolti mbili bila kuona, uache chujio lidondokee ndani ya sampo.

Shangazi aliingiza mkono.

Ndani kulikuwa na ute. Mafuta ya kukaangia yalikuwa yamepikwa upya na moto wa injini mpaka yakawa kitu kisicho na jina, laini juu, kinachonata katikati, kigumu kama ukoko chini. Kilimwingia kwenye kucha, kikapanda mpaka kwenye kiwiko, cha uvuguvugu. Vidole vilikuta kitu chembamba chenye miguu. Akakiacha, akapapasa kwingine. Alifumba macho, akahesabu mizunguko ya bolti. Ya kwanza. Ya pili. Chujio likaanguka, mchubwi, na tone moja likamrukia mdomoni.

Alitapika nyuma ya banda, amejiegemeza kwenye pipa. Miaka yote ya ufundi hajawahi kutapika kwa ajili ya gari. Fundi rangi alimletea maji bila utani.

Alirudi, akazungusha krenki, mhimili mkuu wa injini, kwa spana mpaka uzito wake ukapisha njia, akalivuta sampo kwa nyuma, na hatimaye likatoka. Akaliweka juani, juu ya meza.

Chini yake, penye tundu, kulikuwa na kiraka. Shangazi alikibandua kwa patasi: tabaka la gundi ya chuma, chini yake sabuni ya kufulia iliyogeuka kijivu, chini yake tena nguo iliyoshindiliwa kwa bisibisi. Aliivuta kwa koleo. Ilikuwa na mistari ya buluu na nyeupe. Aliisafisha ncha kwa petroli, ingawa hakuwa na haja; alikuwa ameijua. Ilikuwa pajama ya Mzee: miezi mitano ya ugonjwa wake alilala ndani yake, na ni Shangazi aliyekuwa akiifua, akiianika, akimvalisha baba yake mkono mmoja mmoja. Mzee alipofariki, Shangazi aliikunja akaiweka katika kabati la marehemu. Kumbe kaka aliikuta, akaona tambara.

Hakulia. Kulia kungemfaa zaidi. Alichohisi ni kama amekuta nywele kwenye chakula ambacho keshameza.

Alikuwa anakwangua ukoko alipoona vitu vikimetameta. Vipande vidogo vya chuma, vyembamba kama maganda ya kitunguu. Alivisugua kati ya vidole. Beringi, vile vyuma vyembamba vinavyoishikilia krenki, zilikuwa zinalika. Mafuta yale hayakuweza kuzilinda, zikasagana zenyewe kwa zenyewe. Gari lingewaka, lingeondoka vizuri, na wiki mbili tatu baadaye lingekatikia njiani.

Alimpigia kaka yake, akaja jioni. Alilitazama sampo kwa mbali, leso puani.

"Futa, funga," alisema. "Anayenunua ni daktari wa meno. Mwanamke. Atajua nini habari za beringi?"

"Na mimi ni mwanamke, kaka."

"Wewe ni fundi. Usianze. Mtu anataka gari zuri la kupigia picha, tunampa. Sampo jipya, injini imepanguswa, basi."

"Ulichukua pajama ya Mzee."

Kaka alionekana kweli hajaelewa. "Ipi? Kale kanguo kenye mistari? Kalikuwa kameshachanika."

Shangazi alimwangalia: ndevu zilizochongwa, kola safi, leso yenye marashi. Ilimshangaza kwamba mtu msafi namna ile aweze kutia kichefuchefu kuliko kilichomo kwenye beseni.

"Njoo kesho saa tatu," alisema.

Daktari wa meno alifika saa mbili na nusu. Alikuwa mama wa makamo, mnene, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alisalimia kila mtu kwa zamu, fundi rangi pia, kisha akauliza, "Samahani, ni nini kinanuka hivi?"

Shangazi alikuwa amejiandalia maneno usiku kucha, yote yakamtoka kichwani. Akamwonyesha tu meza.

Yule mama alivaa miwani, akainama juu ya sampo mpaka pua ikakaribia kugusa. Hakukunja uso. "Nimeona vinywa vibaya kuliko hiki," alisema. "Si vingi." Akachukua kijiti, akachokonoa. "Haya yanayong'aa?"

"Beringi, daktari. Zimelika. Gari ni zuri, lilitunzwa sana, nililijua tangu nikiwa mtoto. Limeharibiwa mwaka huu mmoja. Likiondoka hivi litakufa."

"Zinabadilishika?"

"Kwa kuwa sampo liko chini, ndiyo. Naziingilia hukuhuku kwa chini, moja moja. Siku mbili."

"Utazibadilisha wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Kaka alitokea wakati huo, tabasamu limemtangulia. Alipoiona ile meza, tabasamu likadondoka. Alianza kusema hiki na kile, kwamba mafundi wana tabia ya kutia chumvi, kwamba dada yake ana kinyongo cha siku nyingi. Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole, kama anayemwambia mgonjwa afungue mdomo, "Nitalichukua, lakini lirekebishwe kwanza, na gharama ni juu yako. La sivyo, bakini nalo."

Kaka alimvuta Shangazi kando. "Umenivua nguo mbele ya mgeni. Damu yako mwenyewe!"

"Sikukufunga mikono. Ungekataa kuuza."

Hakukataa. Alikwishaahidi watu fedha za gari hilo.

Siku mbili Shangazi alilala chini ya gari. Alichokonoa njia za oili kwa waya, akamimina oili nyepesi na kuimwaga, mara tatu, mpaka ikatoka bila harufu. Beringi mbili zilikuwa zimekwisha, nyingine zimechoka, alizibadilisha zote. Krenki yenyewe ilikuwa salama. Alinyoosha midomo ya sampo jipya kwa nyundo, akatandika gasketi ya kuzuia kuvuja, akapaka silikoni kwenye kona nne, akakaza bolti ishirini kwa kuvuka huku na huku, bila kukaza kupita kiasi. Injini ikashushwa. Iliwaka mara ya pili, ikatulia, ikawa inanong'ona, na chini sakafu ikabaki kavu. Furaha aliyoitegemea haikuja. Alisikia tu harufu ile ya karai, puani mwake au kichwani, hakujua.

Daktari aliondoka na gari lake, akipiga honi mara moja kwenye kona.

Kaka alikuja alasiri kuchukua makaratasi yaliyobaki. Hasira zilikuwa zimempoa, au alijitia zimempoa. "Yaishe, mdogo wangu," alisema, akanyoosha mkono.

"Mikono yangu michafu," Shangazi alijibu.

Ilikuwa imetoka kuoshwa, bado inadondosha maji. Kaka aliiona. Alibaki amenyoosha mkono wake kitambo, kisha akautia mfukoni, akaenda zake akikwepa madimbwi.

Fundi rangi aliuliza kama amwekee chai. Shangazi alisema aweke, bila maziwa, na asikaange kitu chochote.