Mpaka Mmoja, Mikono Mitatu

Jumanne nilikuwa kwenye duka la kupiga chapa mjini Embu, ambako wanafunzi wa chuo walingoja tasnifu zao zitiwe majalada. Mwenye duka akainua moja: "Hii ya mpaka ni ya nani?"

Mikono mitatu ikainuka. Tukacheka sote, isipokuwa mama mmoja wa Kibugu aliyekuja kutoa kopi ya hati ya shamba.

"Mpaka gani huo?" akauliza.

Kijana wa sheria alisema anachunguza kesi za ndugu wanaogombania mpaka. Msichana wa hesabu akachora mto kauntani kwa kidole, ukipinda huku na huku. Yeye anatafuta namna ya kugawa sawasawa shamba linalopakana na mto wa aina hiyo. Wa tatu, wa sayansi ya mimea, anataka kujua kwa nini miti inayopandwa mpakani hukatwa na bado huchipuka.

"Si mnaongea shamba yangu!" mama akasema. "Mto uko. Miti shemeji alikata, ikamea. Sasa tuko kotini." Akawatazama mmoja mmoja. "Na nyinyi hamjapigana?"

"Tupiganie nini, mama?"

"Kwetu watu watatu wakisimama kwa mpaka mmoja, kila mtu ako na panga."

Laiti wanaouliza vyuo vinatufaa nini wangekuwa pale. Mwenye duka alizipanga tasnifu zote tatu kauntani, zikigusana, na hakuna aliyesukuma ya mwenzake.