Vijiko Vitatu vya Ngano

Zenovia Tătaru alimdanganya mama yake mara moja tu katika jambo kubwa, na uongo wenyewe ulikuwa wa neno moja: nyongo. Pale mjini kwao, Râmnic, nyongo ni maradhi yenye heshima zake. Kila ukoo una shangazi aliyetolewa nyongo, na mawe yake yamo kwenye kichupa juu ya kabati, mgeni anaonyeshwa kabla hata hajaletewa kahawa. Kwa hiyo Zenovia aliposema anakwenda Bukarest kutolewa nyongo, Mama Paraschiva hakuuliza swali. Alimfunga vifungo vya koti, mwanamke mzima wa miaka arobaini na sita, akamwambia asikae karibu na dirisha la treni.

Ukweli ni kwamba alikwenda kukatwa mfuko wa tumbo. Alikuwa na kilo mia na arobaini na tatu. Alishona mapazia kwenye chumba kimoja cha nyumba yao, ghorofa ya nne, jengo lisilo na lifti, na kwa mwaka mzima wateja ndio waliopanda kwake kwa sababu yeye hakuweza tena kushuka na kupanda kwa siku moja. Baba yake, Gavrilă, naye alikuwa pande la mtu. Alianguka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu na mfuko wa viazi mkononi, akafa palepale akiwa na miaka sitini na mmoja. Kila Zenovia alipopita pale alijikuta anapiga hesabu ya miaka iliyombakia. Daktari wa moyo alimalizia hesabu hiyo kwa ajili yake. "Dada," alisema, "moyo wako unabeba watu wawili, na mmoja wao hana faida. Usipompunguza huyo, hamfiki wote wawili."

Mtu atauliza, kwa nini basi asiseme? Mimi nimekaa na watu hawa, najua. Ukipasuliwa kwa ajili ya unene, mtaa mzima unasema umeshindwa kufunga mdomo ukaenda kufungiwa na daktari. Hilo angelivumilia. Lakini Mama Paraschiva alikuwa mtu asiyejua neno la kumwambia mtoto nakupenda, alijua sahani. Kumwambia kwamba binti yake amekwenda kuomba akatwe tumbo ili asile tena, ni kumwambia kwamba kila alichompikia tangu azaliwe kilikuwa kinamuua. Zenovia alikosa ujasiri, na simlaumu sana.

Daktari Hurmuzache, aliyempasua, hakuwa mtu wa maneno mengi. Alimwachia matundu matano madogo tumboni na karatasi moja. Wiki mbili ni vya kunywa tu, kidogo kidogo. Baadaye vya kusagwa. Punje yoyote, ya mchele, ya ngano, ya mahindi, marufuku mpaka miezi miwili ipite.

"Wewe ni fundi wa kushona," alimwambia. "Nimekushona kwa pini za chuma, mstari mrefu, toka juu mpaka chini. Ukishona kitambaa leo, kesho unakivuta?"

"Sikivuti, daktari."

"Basi usivute. Ukipata homa, au moyo ukienda mbio, au bega la kushoto likiuma, usinywe chai usubiri asubuhi. Nenda hospitali iliyo karibu, na useme nilichokufanyia. Useme hasa. Matundu yako yanafanana na ya nyongo, mtu akiyaangalia hawezi kujua."

Aliporudi nyumbani siku ya nne, mtungi wa supu ulikuwa mezani tayari. Mama Paraschiva alikuwa ameulizia mtaa mzima chakula cha mgonjwa wa nyongo na akakariri: hakuna mafuta, hakuna yai, hakuna cha kukaanga. Vya kuchemshwa, ruksa. Alichemsha karoti, akachemsha kuku, akachemsha tufaha. Zenovia alikunywa maji ya juu, na mama akigeuka alimimina vilivyobaki kwenye sinki. Njaa hakuwa nayo. Hilo ndilo lililomtisha kuliko maumivu. Alikaa mbele ya sahani aliyoipenda tangu utotoni na hakusikia kitu, kana kwamba mtu wa ndani aliyekuwa akimwita mezani miaka yote amehama bila kuaga. Siku ya saba alipanda mizani, amepungua kilo nane. Alishuka haraka na kuisukuma mizani chini ya kitanda.

Siku ya tisa iliangukia Jumamosi, nayo ndiyo ilikuwa pomana ya mwaka wa saba wa Gavrilă. Marehemu wa huko hulishwa na walio hai kwa miaka saba. Unapika kwa jina lake, unagawa kwa jirani, jirani anasema bogdaproste, Mungu awasamehe wafu wako, na kinachopita kooni mwake ndicho kinachofika upande wa pili. Mwaka wa saba ni wa mwisho. Baada ya hapo marehemu ameshiba au hakushiba, hakuna wa kumwongezea.

Mama Paraschiva alikuwa amechemsha koliva tangu alfajiri: ngano nzima na sukari, njugu zilizosagwa, na juu yake msalaba wa peremende. Padre aliibariki, akaenda zake. Wakabaki majirani sita wamesimama sebuleni na mishumaa, kati yao Aneta wa ghorofa ya pili, ambaye mdomo wake haujawahi kuugua.

"Zenovia, shoga, umepungua!" alisema Aneta. "Hiyo nyongo yako ilikuwa na ukubwa gani? Kama ndama?"

Watu wakacheka. Zenovia naye akacheka, mkono tumboni.

Mama Paraschiva akaja na kijiko. "Wewe kwanza. Mtoto ni wewe peke yako. Vijiko vitatu, halafu wengine."

"Mama, waanze wageni. Mimi nitakula baadaye."

"Baadaye lini? Baba yako atasubiri mlangoni?"

"Daktari amekataza, mama."

"Amekataza mafuta! Hii ina mafuta? Ina yai? Ni ngano na maji, mwanangu, hata mtoto wa kunyonya anapewa. Nyongo haitajua hata kama umekula."

"Kweli kabisa," Aneta akadakia. "Mimi nilikula koliva siku ya tano baada ya nyongo yangu. Nipo hapa, sijafa."

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja lilimweka pale na neno moja lingemtoa. Angesema tu: mama, si nyongo. Lakini angelisema mbele ya Aneta na mishumaa sita, juu ya chakula cha mwisho cha baba yake, ambaye kwa hesabu za mama alikuwa amesimama mahali fulani na kinywa wazi. Alimtazama mama yake. Yule mzee alikuwa amevaa skafu nyeusi mpya, amenyoosha kijiko kwa furaha ya mtu anayekamilisha kazi ya miaka saba. Zenovia akafungua mdomo.

Alitafuna kijiko cha kwanza mpaka ngano ikawa uji, na cha pili vilevile. Cha tatu Aneta alimsemesha, akakimeza kabla ya wakati wake.

"Bogdaproste," alisema Zenovia.

"Mungu apokee," alijibu mama, macho yamejaa machozi. "Sasa baba yako ameshiba."

Jioni ile ngano ilimkaa kifuani kama ngumi. Jumapili ikalegea, akaanza kujidanganya kwamba amepona. Jumatatu asubuhi aliamka bega la kushoto linamuuma. Alilala akilisikiliza. Alijua. Wala asiambiwe mtu kwamba hakujua, karatasi ya daktari ilikuwa chini ya mto wake. Aliweka vidole viwili shingoni, akaangalia saa ya ukutani. Mapigo mia na ishirini na sita, na hata kitandani hajainuka.

"Bega linaniuma, mama."

"Si nilikwambia! Ni upepo. Jana ulifungua dirisha na mlango ukiwa wazi." Watu hawa wanaogopa upepo unaopita kati ya dirisha na mlango kuliko wanavyoogopa risasi. Mama Paraschiva alifunga kila kitu, akaleta spiriti ya kafuri, akaanza kumsugua bega. Mikono yake ilikuwa ya moto na yenye nguvu, na Zenovia aliiacha imsugue. Aliona haya kumwambia. Unaweza kufa kwa haya; mimi nimewaona waliokufa nayo.

Saa sita mchana alitetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Midomo ilikuwa ya kijivu. Mama Paraschiva alitoka kwenye ngazi akipiga kelele, na wanaume wanne wakamshusha kwa machela ghorofa zote nne. Zenovia alihesabu kona. Kwenye ile ya ghorofa ya tatu alifumba macho.

Kwenye chumba cha dharura daktari alikuwa msichana mdogo, kibandiko kifuani kimeandikwa Bratu. Alifunua shuka, akayaona matundu matano.

"Amepasuliwa nini?"

"Nyongo," alisema Mama Paraschiva kabla binti yake hajavuta pumzi. "Siku kumi na moja. Na jana amepigwa na upepo."

"Nyongo," alirudia daktari, na nesi akaandika. "Sawa. Mwekeeni dripu, tumpige picha ya ini, halafu tuone. Mama, amekuwa mnene hivi siku zote?"

"Ana mifupa mizito," mama alisema kwa ukali.

Zenovia aliwasikia kwa mbali. Ulimi ulikuwa mzito. Alimwona nesi akipiga mstari chini ya lile neno, akaelewa kwamba uongo wake umeshika kalamu na sasa ndio unaomtibu. Akamshika daktari mkono wa koti.

"Si nyongo."

"Anaweweseka," alisema mama. "Homa."

"Si nyongo. Mfuko wa tumbo. Wamenikata tumbo kule Bukarest, ili nipungue. Wameshona toka juu mpaka chini." Akauvuta ule mkono wa koti. "Bega la kushoto, daktari. Aliyenipasua amesema nikwambie bega."

Daktari Bratu alibadilika uso. Akamwambia nesi afute alichoandika, apige simu Bukarest, aandae chumba cha upasuaji. Kisha akainama.

"Nisikilize, dada. Tangu upasuliwe, kuna kitu kigumu umekula? Ni lazima nijue ninachokwenda kukitafuta humo ndani."

Zenovia aligeuza kichwa. Mama yake alikuwa amesimama ukutani na mkoba kifuani, skafu imetelezea shingoni. Alikuwa anaunganisha mambo moja moja, supu, sinki, karoti, na ilionekana usoni kila alipofika kwenye jingine.

"Hapana," alisema Zenovia. "Nimekunywa tu."

"Una hakika?"

"Hakuna nilichokula."

"Amekula," alisema Mama Paraschiva. Sauti yake haikuwa ile ya kupayuka ya siku zote. "Ngano nzima. Vijiko vitatu. Alikataa, nikamlisha kwa mkono wangu, watu wanaona. Andika hivyo, daktari. Andika ni mimi."

Walifungua tumbo alasiri hiyohiyo. Mshono ulikuwa umeachia karibu na juu, mahali padogo, na sumu ilikuwa imeanza kuenea. Alisafishwa, akawekewa mpira ubavuni na mwingine wa kumlishia chini ya mshono. Kwa siku nane hakuna aliyethubutu kusema atakaa upande gani, wa walio hai au wa wafu. Daktari Bratu alimwambia Mama Paraschiva kwamba mishono kama ile huachia wakati mwingine hata kwa mtu aliyekunywa maji tu. Mama alimsikiliza kwa adabu na hakuamini hata neno.

Alikuja kila siku. Watu wa pale hawaendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Wodi nzima ilinuka mchuzi na keki. Mama Paraschiva alikuja bila mfuko, bila mtungi, akakaa kwenye kiti na mikono ameikunja kwapani.

Siku ya ishirini na tatu Zenovia aliruhusiwa maji kwa mdomo kwa mara ya kwanza. Nesi alileta kikombe kidogo na kijiko cha chai, lakini akaitwa kitanda cha pili, akamnyooshea mama kikombe.

"Mama, mnyweshe wewe. Kijiko kimoja kimoja tu."

Mama Paraschiva alirudisha kiti nyuma.

"Hapana, mwanangu. Mpe wewe."

"Ni maji tu, mama," alisema Zenovia. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. "Daktari amesema yanafaa. Nipe."

"Atakupa nesi."

"Nina kiu. Nakuomba, nipe wewe."

Mzee akaitoa mikono kwapani, akaitazama pande zote mbili, akairudisha. Zenovia akalala na mdomo wazi akisubiri nesi amalize kule, na kikombe kikakaa juu ya meza kati yao.